Shati Lililopigiwa Magoti

Jumatatu ile Ifakara nzima ilikuwa na habari moja tu, na habari yenyewe ilikuwa mashati. Kisimani mashati, sokoni mashati, hata waliokuwa wakivuna mpunga mabondeni walikuwa wameshayapata. Na yeye aliyeyadarizi mashati hayo, Serafina binti wa Mwalimu Hermenegildi, alikuwa amekaa jikoni kwa mama yake, uji umempoa mkononi, akimsikiliza baba yake akikohoa chumbani. Kilikuwa kile kikohozi chake cha kabla ya kutoa hukumu.

"Anakuja," mama yake, Kandida, alinong'ona. "Mwanangu, leo usijibu. Atakalosema, wewe itikia tu."

Ngoja kwanza nikupe mkasa wenyewe, maana usipoujua utamwonea bure Mwalimu.

Nyuma ya soko palikuwa na kijana aliyeitwa Eustaki, mtu wa upande wa Mahenge, fundi wa mikate. Kazi aliisomea jikoni kwa mapadre, kisha akajenga tanuri lake mwenyewe la udongo. Mikate yake ililiwa mpaka Idete na Mbingu, ikipelekwa kwa baiskeli na wachuuzi wanne, mkubwa wao Kelestini. Sasa jina likishakuwa kubwa, wajanja hawakosi. Wakatokea watu wa kuuza mikate ya juzi, migumu kuvunja meno, huku wakiapa mbingu na ardhi kwamba imetoka kwa Eustaki. Eustaki akafikiri, akapata dawa: wachuuzi wake wavae mashati ya namna moja, meupe ya kitambaa cha marekani, yenye chapa kubwa mgongoni. Mtu akiiona chapa toka mbali, ajue mkate wa kweli umepita. Na mkono wa kudarizi Ifakara ulikuwa mmoja tu, wa Serafina, aliyelelewa na masista kwenye sindano tangu ana miaka kumi.

Mashati manne yale yalichukua wiki tatu. Kazi yenyewe ilitaka wiki moja. Hizo mbili nyingine zilikwenda wapi, waulize wao wawili, waliokuwa wakijadili rangi ya uzi mpaka chai inakauka kikombeni.

Kosa lilikuwa hili. Serafina alitaka kudarizi mkate na ngano. Ngano hajaiona maisha yake yote, kwa kuwa bondeni kwetu ni mpunga na mahindi. Ngano aliyoijua ni ile aliyoitengeneza miaka yote kwenye mavazi ya misa na vitambaa vya altare. Mkono wake ukaenda kule ulikozoea: mkate mviringo katikati, masuke mawili ya dhahabu ubavuni, na miale ikitoka pande zote. Yeye aliona mkate wa moto unaotoa mvuke. Eustaki aliona mkono wa Serafina, hakuona kingine.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Kelestini akasimama mlangoni pa kanisa na kapu lake, mgongo ukiwatazama wanaotoka. Siku zile akina mama walikuwa wakijifunza nyimbo za maandamano ya Ekaristi, vichwa vyao vimejaa maandamano. Bibi Domitila, ambaye macho yake yameshachoka, akatoka wa kwanza. Akaona weupe, akaona dhahabu, akaona miale, vilevile Ekaristi inavyobebwa katika maandamano. Bibi wa watu akapiga magoti palepale vumbini. Nyuma yake akina mama arobaini wakapiga magoti. Kelestini aliposikia kimya akageuka, akakuta anasujudiwa. Weee! Alitupa kapu akatimua mbio, na akina mama kwa kuona Ekaristi inaondoka wakanyanyuka wakaifuata, wakiimba, mpaka karibu na soko.

Na baba yake Serafina ndiye katekista. Ndiye aliyewafundisha kupiga hayo magoti.

Mwalimu Hermenegildi alitoka chumbani amevaa koti lake jeusi, mikono nyuma ya mgongo. Huo ulikuwa mwendo wake wa miaka yote, kitini ama njiani, mikono nyuma.

"Serafina."

"Abee, Baba."

"Chukua sindano yako na mkasi. Twende kwa huyo mkanda unga. Utafumua mashati yote manne mbele ya macho yangu, uzi kwa uzi. Nyumbani kwangu hayaingii. Nitakaa hapohapo mpaka uzi wa mwisho."

"Ndiyo, Baba."

"Na kesho asubuhi watu wa Chita wanakuja kuchukua jibu la posa ya Melkiori. Ukimaliza kufumua, mambo ya mikate yameisha. Umenisikia?"

Serafina alisikia. Melkiori wa Chita alikuwa mtu mzuri, mpole, mwenye mashamba ya mpunga ambayo macho yangechoka kabla ya kuyamaliza. Alikuwa na dosari moja tu: hakuwa Eustaki.

"Baba Serafina," Kandida alijaribu, "huyo kijana naye..."

"Huyo kijana anakanda unga, Kandida! Mwanamume mzima, mikono imezama kwenye beseni kama mama mwenye arusi. Nimwambie nani kwamba mkwe wangu anakanda?"

Wakaondoka. Njiani kila mtu alimwamkia Mwalimu kwa heshima zote, kisha akageuza uso upande wa pili ili acheke vizuri.

Eustaki alikuwa uani, kifua kimejaa unga, meza yake ndefu mbele yake. Alipowaona, rangi ilimtoka. Alipomwona Serafina nyuma ya baba yake, ikarudi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sikuja kwa salamu. Yako wapi?"

Mashati yalikuwa yamekunjwa vizuri juu ya boksi, moja juu ya jingine. Eustaki aliyachukua kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kosa ni langu. Chapa niliitaka mimi."

"Si lake, Baba," Serafina alisema, akasahau kabisa alivyoonywa na mama yake. "Nilichora mimi. Yeye hata hakujua."

"Nilijua."

"Hukujua, Eustaki! Ulisema inafanana na jua linalochomoza."

"Kwa hiyo nilijua inafanana na kitu."

"Basi!" Mwalimu alivuta kiti. "Sijaona watu wanaogombania kosa namna hii, utadhani ni nyama. Wewe, fumua. Na wewe, endelea na kazi yako, nisije nikaambiwa nimewanyima watu mkate."

Serafina akakaa kwenye mkeka, akapakata shati la kwanza. Alianza na miale. Kila mwale ulikuwa na siku yake. Huu aliudarizi siku mvua ilipowafungia ndani, Eustaki akamsomea barua ya dada yake tangu mwanzo hadi mwisho, mara mbili, ili mvua isikatike bila mazungumzo. Huu hapa aliudarizi siku Eustaki alipomwambia, bila kumtazama, kwamba kila alfajiri mkate wa kwanza kutoka tanurini anauweka kando, hauuzi, kwa sababu ni wa mtu. Hakusema wa nani. Ulimfikia Serafina kila siku, umefungwa kwenye jani la mgomba. Sasa uzi wa siku hizo zote ulikuwa unatoka, unajikunja mapajani mwake.

Alinyanyua macho. Eustaki alikuwa anamtazama. Wote wawili wakainama upesi.

"Serafina," Eustaki alisema kwa sauti ya kazi kabisa, "la kwanza linaendeleaje?"

"Uzi unatoka. Ila matundu ya sindano yanabaki."

"Hayawezi kuondoka? Hata likifuliwa?"

"Hata likifuliwa mara mia. Nilishona kwa kukaza."

"Hata mimi sikutaka ulegee."

"Zungumzeni habari za mashati," Mwalimu alisema.

"Ndizo hizo, Baba."

Mwalimu akakohoa. Akageuka kutazama kinachofanyika mezani, na hapo ndipo nataka umtazame vizuri Mwalimu Hermenegildi, maana alikuwa hajawahi kuona mkate ukitengenezwa. Alidhani ni jambo la kukoroga koroga. Eustaki alinyanyua gunia la unga kama mtu anavyobeba mtoto wake, akamwaga, akatia maji, chumvi na hamira. Akaanza. Alikanda kwa mabega, kwa kiuno, kwa mguu uliokita chini. Jasho likamshuka shingoni. Meza ya mninga ikalia.

"Unakanda mpaka saa ngapi?" Mwalimu aliuliza, kama mtu asiyetaka kujua.

"Saa haina kazi, Mwalimu. Nakanda mpaka wenyewe ukatae kushika mkono."

"Ukikatishia njiani?"

"Unakudanganya. Unaumuka vizuri, ukiingia tanurini unalala."

"Hm. Kama udongo wa matofali."

"Kumbe unajua, Mwalimu."

"Nimefyatua matofali ya darasa zima la mafundisho mimi, kijana. Kwa mikono hii."

Serafina alifumua polepole. Alifumua mwale mmoja, akapumzika, akafumua nusu ya mwingine. Kama uzi wa mwisho ndio mwisho wa mambo yote, basi uzi wa mwisho na uchelewe.

Ndipo Kelestini akaingia na baiskeli, amevaa shati la zamani lenye kiraka. Alipomwona Mwalimu alitaka kurudi nyuma, baiskeli ikamkatalia.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi sikufanya kitu! Nilikimbia tu."

"Nilikuona ukikimbia."

"Eustaki, ndugu yangu, shati hilo mimi sivai tena, hata ukinifungia ng'ombe. Jana nimepigiwa magoti. Wiki ijayo nitafukiziwa ubani."

Eustaki aliuma mdomo. Serafina akajifunika uso kwa shati. Na Mwalimu, loo, masharubu ya Mwalimu yalitikisika mara moja, akayashika kwa mkono yasiendelee.

"Halafu hawa wajanja," Kelestini aliendelea, "leo wamerudi na mikate yao ya mawe. Wanasema mashati yamekatazwa, kwa hiyo Eustaki amefunga. Nimekuta mtu Idete amevunjika jino anakutukana wewe."

Kicheko kikaisha. Eustaki aliacha kukanda.

"Basi nimekwisha," alisema taratibu. "Bila chapa sina jina. Na mashati haya yenye matundu, nani atayavaa?"

Serafina akalitandaza shati mapajani. Miale ilikuwa imeshatoka. Ulibaki mkate mviringo na masuke mawili yaliyosimama wima, na kuzunguka pote matundu madogo madogo. Mkate peke yake, bila miale, bado Bibi Domitila angeupigia goti. Akaufumua na huo. Yakabaki masuke.

"Hiyo ngano," Mwalimu alisema ghafla. "Serafina, ngano umewahi kuiona imeota?"

"Sijawahi, Baba."

"Wewe fundi?"

"Mimi naijua ikishasagwa, Mwalimu."

"Hata mimi sijaiona." Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. "Watu watatu tumekosa usingizi kwa ajili ya jani tusilolijua!"

Safari hii masharubu hayakushikwa. Mwalimu alicheka, kwa sauti, mpaka kiti kikalia, na Serafina akacheka kwa mshangao, kwani mara ya mwisho kumsikia baba yake akicheka hivyo alikuwa bado anavaa gauni la komunyo ya kwanza. Kwa ujasiri wa kicheko hicho akasema:

"Mpunga ninaujua, Baba."

"Mpunga unaingiaje kwenye mkate?"

"Unaingia," Eustaki alidakia. "Siku zote nachanganya unga wa mchele kidogo. Ndiyo maana ganda la mkate wangu linalia kwenye meno. Mchele wenyewe ni wa Idete."

"Wa Idete?" Mwalimu alikaa sawasawa. Shamba lake lilikuwa Idete.

Serafina alishaokota kipande cha mkaa, akachora juu ya boksi: bua moja limesimama, juu yake punje zimepangwa vizuri, mbili mbili.

"Hiyo ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Suke la mpunga, Baba."

"Hilo? Serafina, umekula wali wa shamba langu miaka ishirini na miwili, halafu unanichorea hivyo? Suke lililosimama ni mapepe matupu! Hilo nikilikuta shambani nawapa kuku."

"Linakaaje, Baba?"

"Linainama! Likijaa linainama. Lete..." Akatafuta pa kuchora. Boksi lilikuwa limejaa. Meza ya Eustaki ilikuwa imenyunyizwa unga upande mzima, mweupe, laini. Mwalimu Hermenegildi alisimama, akakunja mkono wa koti, akaingiza kidole kwenye unga. "Tazama hapa. Bua linakuja hivi. Hapa halijainama bado. Hapa ndipo uzito unapoanza, unaona? Halafu linashuka, linashuka, punje zinaning'inia zenyewe. Huwezi kuzipanga kama askari."

Alikosea, akafuta kwa kiganja kizima, akachora tena. Akafuta tena. Serafina alisogea karibu. Mikono yote miwili ya baba yake ilikuwa mezani kwa Eustaki, imejaa unga mpaka kwenye vifundo, na Eustaki alikuwa ameinama kando yake.

"Na jani, Mwalimu?"

"Jani liko huku. Moja tu. Ukiweka mengi, umeliua suke."

"Mwalimu naye anakanda?" Kelestini aliuliza kutoka kwenye baiskeli, na wote watatu wakamwambia kwa pamoja anyamaze.

Serafina akafumua na yale masuke ya ngano, akachukua sindano. Jambo la ajabu ni kwamba matundu ya zamani yalimsaidia. Pale mwale ulipokuwa umepita, bua la mpunga likapita, likajikunja. Pale mduara wa mkate ulipokuwa, suke likashuka kuufuata, punje kwa punje, kwa uzi uleule wa dhahabu uliokuwa mapajani mwake. Siku zake zote zikarudi kwenye kitambaa. Baba yake alisimama nyuma yake akisema kulia kidogo, chini kidogo, hiyo punje umeinyima tumbo, na kila mara akirudi mezani kuchora tena kwenye unga. Mikate ilitoka tanurini, Eustaki akamega mmoja, akampa Mwalimu kwa mikono miwili. Mwalimu alisema hana njaa. Kisha akaula wote.

Jua lilipoanza kuinamia upande wa pili, shati la kwanza lilikuwa tayari. Kelestini alilitazama kwa hofu, akalizungusha mbele na nyuma.

"Hili mtu hapigi magoti," alisema. "Hili mtu anasikia njaa. Nipe nivae niwaonyeshe wale wa mikate ya mawe."

"Shati hilo halitoki hapa," Mwalimu akasema.

Serafina alihisi sindano imemchoma kidole, na ilikuwa imemchoma kweli.

"Baba, si umelichora mwenyewe?"

"Ndiyo sababu. Suke hilo ni la shamba langu. Limetoka kwenye kidole changu. Leo nilione linatembea Mbingu, linatembea Idete, kwa jina la mtu baki? Watu wataniuliza, Mwalimu, huyu uliyempa suke lako ni nani yako? Nitajibu nini?"

Eustaki aliweka chini koleo lake la tanuri. Alipangusa mikono kwenye suruali, haikusaidia kitu. Alimtazama Serafina, na safari hii hakuna aliyeinama.

"Mwalimu," alisema, "basi nisiwe mtu baki. Nampenda Serafina. Nimempenda kabla ya mashati. Mashati niliyatafuta ili nipate sababu ya kumwita hapa."

"Kumbe!" Serafina alisema. "Na wale wajanja wa mikate?"

"Wajanja wapo kweli. Lakini ningeweza kuweka kibao tu."

Mwalimu akakohoa kikohozi kirefu. Kilianza kama cha hukumu, kikaishia kwingine.

"Mimi sikusikia neno. Maneno ya namna hiyo hayasemwi na mwenyewe akiwa amejaa unga kama panya wa ghalani. Yana mshenga wake, na mshenga anakuja na jembe mkononi kama desturi yetu ilivyo."

"Aje lini, Mwalimu?"

"Kesho asubuhi nina wageni wa Chita. Hao nitawajibu mimi, kwa heshima, na Melkiori ni mtu muungwana, atanielewa." Akamgeukia binti yake, na uso wake ukawa ule wa zamani, wa enzi za gauni la komunyo. "Lakini simjibu mtu kabla ya kuuliza nyumbani kwangu. Serafina, niwajibu nini?"

Mama yake alimwambia leo asijibu. Serafina akajibu.

"Waambie nimeshapata, Baba. Waambie nina furaha."

"Basi mshenga aje jioni yake. Na wewe fundi, niwekee mikate minne ya asubuhi, ya moto. Watu hawawezi kurudi Chita mikono mitupu."

Eustaki aliona asante ya mdomo haitoshi. Alipiga goti moja.

"Inuka, inuka!" Mwalimu alipiga kelele. "Magoti ya jana yanatosha!"

Akaweka mikono nyuma ya mgongo, kama kawaida yake, akaelekea sokoni kwa mwendo wake wa taratibu. Kelestini akavaa shati, akapanda baiskeli, akamfuata kwa mbali, anapiga kengele bila sababu. Serafina alikuwa bado anacheka na kulia kwa pamoja baba yake aliponyanyua mikono kumpungia mtu, akaona kitu. Kwenye koti jeusi la baba yake, katikati ya mgongo, palikuwa na viganja viwili vya unga, vyeupe pee, vidole vyote kumi.

"Yesu na Maria! Baba anapita sokoni hivyo! Ngoja nimwite..."

Eustaki alimshika mkono, mara ya kwanza mchana kweupe, na unga wake ukamshika na yeye.

"Mwache," alisema. "Hilo ndilo shati letu la tano."